Vidole Vinne vya Chokaa

Nitaanza na jua, kwa sababu wenzangu wote huanza na mpira, na wakianza na mpira hawafiki mwisho bila kutukanana. Mwamuzi alipopuliza filimbi ya mwisho, ubao ukisomeka bila kwa bila, jua lilikuwa limening'inia juu ya goli la magharibi, kama mikono miwili hivi kutoka kwenye mwamba. Tulingoja lizame, kama linavyozama baada ya kila mechi, ili kila mtu abebe hasira yake akalale nayo. Halikuzama. Tulirudi nyumbani katika mwanga ule ule, tukala katika mwanga ule ule, tukajifunika kanga usoni tukalala, na tulipoamka lilikuwa palepale, rangi ya chai iliyochemka mno. Tangu hapo mji wetu haukuwa na siku. Tulihesabu usingizi. Haya ninayoyaeleza yalianza kabla ya usingizi wa kwanza na yakaisha baada ya wa saba, au wa nane; mmoja ulinipotea, na sijui niliuacha wapi.

Mpira nao ulibaki palepale, juu ya mstari wa goli la magharibi. Timu yetu inaitwa Wenyeji. Timu yoyote inayokuja kucheza hapa, hata iwe na jina gani kwao, kwetu inaitwa Wageni. Dakika ya themanini na nane, Tindwa, mtoto wa dada yangu, aliruka juu ya mabeki wawili akaupiga mpira kichwa. Kipa wa Wageni alidaka hewa. Mpira ukadunda mara moja, ukabingirika polepole kama mtu anayetafuta nyumba asiyoifahamu, ukasimama. Tindwa alipiga magoti, akainua mikono. Yeye alikuwa karibu kuliko wote, na aliona umeingia. Mshika kibendera akaja mbio, akainama, akatazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Wakabishana mpaka muda ukaisha. Viongozi wetu wakakata rufaa. Mwamuzi akaamuru mpira usiguswe mpaka rufaa isikilizwe, naye akaondoka. Rufaa ilipangwa kusikilizwa kesho yake. Kesho haikuja.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa: watu elfu kadhaa, mpira mmoja, na alasiri isiyokwisha. Wageni nao hawakuondoka, maana nauli yao ilikuwa ya siku inayofuata. Walibaki kwenye jukwaa lao wakichemsha chai. Jua lile lilizipausha jezi. Za kwetu zilikuwa za rangi ya chungwa, za kwao za kijani. Kufikia usingizi wa tatu zote zilikuwa nyeupe. Mtu akikupita njiani ilikubidi umsikilize analalamikia nini ndipo ujue ni wa kwenu au si wa kwenu. Na hata hapo ilikuwa vigumu, kwa sababu wote tulilalamikia sare.

Mimi ndiye mchora mistari wa uwanja ule.

Kazi hii hakunifundisha mtu. Nilianza kama shabiki aliyechukizwa na mistari iliyopinda. Niliokota kitabu cha sheria kisicho na jalada, nikakisoma mpaka kikawa laini kama kitambaa. Nina vigingi ishirini na viwili, kamba ya katani niliyoisokota mwenyewe, debe lenye matundu kwa mistari mirefu, na brashi kwa mistari ya goli, kwa kuwa mstari wa goli haumwagwi, unapakwa. Upana wake lazima uwe sawa na unene wa nguzo. Naupima kwa kijiti nilichokikata kwenye nguzo yenyewe. Kwa miaka thelathini na mmoja kijiti kile hakijanidanganya, wala mimi sikukidanganya, isipokuwa mara moja.

Watu wengi hudhani mstari uko katikati ya ndani na nje, kama kizingiti kisichokuwa cha chumba wala cha uwani. Kitabu hakisemi hivyo. Kitabu kinasema mstari ni wa uwanja. Mpira ulio juu ya mstari bado uko mchezoni. Ili liwe goli, mpira wote, hadi ukingo wake wa mwisho, uwe umeuvuka mstari wote. Nimelitafakari jambo hili kwa miaka. Maana yake ni kwamba anayechora mstari anaamua ukubwa wa dunia. Akiongeza upana, ndani inakua na nje inasogea mbali, na hakuna anayesikia kelele yoyote. Mfalme huhitaji askari ili ausogeze mpaka. Mimi nahitaji brashi. Lakini sikuwahi kulisema hili kwa sauti, kwa sababu nilikuwa mtu mdogo na nililipenda kwa jinsi lilivyokaa kimya.

Lazima nieleze pia kuhusu tundu. Uwanja wetu una lango kubwa la chuma, na hatulitumii. Zamani kamati ya ufundi, ambayo haishughulikii ufundi wa mpira bali mambo yasiyoandikwa kwenye kitabu changu, ilisema lango limetegwa na Wageni, na kwamba timu ikipita pale haitafunga. Ukuta ukatobolewa kwa nyuma. Tangu hapo wachezaji, viongozi, wanawake wenye vitenge vya sikukuu, wote tunaingia nyumbani kwetu kwa magoti. Wageni ndio wanaopita langoni, wima. Hakuna mwaka tuliopiga hesabu kuona kama tundu limetusaidia. Silaumu. Nasema tu kwamba mtu akishazoea kuingia kwake kwa magoti, haoni ajabu kulinda goli kwa chokaa.

Asubuhi ya mechi ile nilikuwa goli la magharibi na brashi yangu. Mwenyekiti wa tawi letu, Bwana Hamduni, alikuja mikono nyuma. Ni mtu mnene, mpole wa sauti, ambaye hajawahi kumaliza sentensi inayoweza kumrudia.

"Fundi."

"Naam, Mwenyekiti."

"Leo kila mtu alinde goli letu kwa alicho nacho."

Akalitazama debe la chokaa. Akanitazama mimi. Akaenda zake.

Hayo tu. Nimeyapima maneno yale kwa kila kijiti na siwezi kuapa kwamba aliniamuru. Kwa desturi ya uwanja wetu, Wenyeji huanza kwa kulinda goli la magharibi, ili Wageni wapige wakiwa na jua machoni. Kwamba kipindi cha pili jua hilo tunalipokea sisi, jambo hilo halijawahi kujadiliwa kwenye kikao. Nilipiga magoti. Nikaweka vidole vyangu vinne nyuma ya mstari, upande wa wavu, penye kivuli, nikapaka mpaka hapo. Nikarudia mara tatu, chokaa nzito, ikavimba kama kovu. Niliona nimewaongezea watu wangu vidole vinne vya usalama.

Nilifikiri kama shabiki. Shabiki ana kipindi kimoja tu.

Nililikumbuka kosa langu Tindwa alipopiga magoti. Si kabla ya hapo. Nilikuwa jukwaani, watu walinikanyaga kwa furaha, na mimi katikati ya kelele nilihisi vidole vyangu vinne vimekuwa baridi, kama si vyangu.

Usingizi wa pili ulipoisha, watu walikusanyika nje ya ukuta, karibu na tundu, wakatafuta wa kulaumiwa. Ilikuwa lazima awepo. Sare ya nyumbani si kama kufungwa. Ukifungwa unalia, unanawa uso. Sare inakaa kooni, haishuki wala haitoki.

"Kauza mechi," alisema Bi Nyamizi, katibu wa tawi. "Mchezaji wa kweli anaufuata mpira mpaka wavuni. Huyu kapiga magoti kama yuko harusini anangoja kubarikiwa."

"Kamuuzia nani, katibu? Wageni wenyewe wanachemsha chai kwenye kofia ya kipa."

"Ndiyo ujanja wao. Mtu mwenye sufuria atahongaje bila kushukiwa?"

Watu wakacheka, na kwenye kicheko kile nilisikia jambo likifungwa, kama mlango unavyofungwa kwa upole na mtu anayejali usingizi wa wengine. Tangu hapo hakuna aliyesema "kama Tindwa kauza." Walisema "tangu Tindwa auze."

Yeye alikuwa nyuma ya goli la magharibi, amekaa chini, akiutazama mpira kupitia wavu. Nilimfundisha mimi kuupiga mpira, kati ya kamba zangu, kabla hajafika kiunoni mwangu. Nikakaa karibu naye.

"Mjomba, liliingia?"

"Nilikuwa jukwaani, upande wa pili."

"Sijakuuliza ulikuwa wapi."

"Rufaa itasema, Tindwa."

"Rufaa imesimama na jua." Akang'oa jani la ukoka, akalitafuna. "Wewe huwa hukurupuki kuhukumu. Mama husema, 'Ndugu yangu yule, hata mvua humaliza kunyesha kabla hajasema inanyesha.' Lakini mimi nakuuliza wewe kwa sababu hiyo hiyo. Ukisema halikuingia, nitakubali kwamba macho yangu ni ya mwizi."

Nilisema nitafikiri. Hili ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu, na nililisema kwa sauti nzuri.

Kufikiri. Nilifikiri. Nilijiuliza kama kosa lisiloonekana lipo. Nilijiuliza kama mpira ulioingia kwenye goli la kweli lakini haukuingia kwenye goli lililochorwa uko wapi hasa. Uko wapi. Hauko uwanjani, maana nguzo zinasema umevuka. Hauko wavuni, maana chokaa inasema bado. Uko kwenye vidole vyangu vinne. Dunia nzima ya Wenyeji, na jua lake, na chai ya Wageni, na jina la mtoto wa dada yangu, vyote vilikuwa vimekaa kwenye upana wa kiganja cha mtu mmoja, naye anakitumia kiganja hicho kula.

Baada ya usingizi wa nne nilipita mbele ya jukwaa la Wageni. Mzee mmoja aliyevaa jezi nyeupe iliyokuwa ya kijani akaniita.

"Wewe si ndiye fundi wa mistari? Njoo unywe chai."

"Nashukuru, mzee."

"Sisi ndio tunashukuru." Alinipa kifuniko cha chupa kilichojaa chai. "Kipa wetu aliuona mstari kipindi cha pili kilipoanza. Akasema, jamani, hawa watu wametuandalia godoro. Ukarimu huo hatujawahi kuupata popote."

Wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Hawakunicheka, na afadhali wangenicheka.

"Sikuwachorea ninyi," nikasema.

"Najua. Mimi ndiye mchora mistari wa kwetu." Alinionyesha kiganja chake. Kilikuwa na mipasuko ya chokaa, kama changu. "Nami huongeza. Kila mechi. Na kila mara naapa kwamba timu yangu haitahamia upande ule."

Nilimtazama vizuri. Alikuwa na pua yangu. Au huenda jua lilikuwa limetupausha nyuso pia. Nilimaliza chai, nikamrudishia kifuniko, na nilipoinuka sikuwa na uhakika ni nani kati yetu aliyebaki amekaa.

Ndipo nikaenda kwa Mwenyekiti. Nilikwenda na kijiti changu cha kupimia, kwa sababu sijui kusema jambo bila kipimo. Alikuwa chini ya turubai la tawi pamoja na Bi Nyamizi. Nikawaambia yote, kuanzia brashi hadi vidole. Nikawaomba waje tupime.

"Fundi," alisema Bwana Hamduni, "mimi nilisema ulinde goli letu. Goli la magharibi ni letu au si letu?"

"Ni letu kipindi cha kwanza, Mwenyekiti."

"Uwanja ni wa nani?"

"Ni wetu."

"Basi goli ni letu. Umelinda goli letu. Halikuingia kitu. Mimi naona kazi nzuri."

"Lakini Tindwa..."

"Tindwa alitakiwa kufunga. Kamati nzima ililinda, wewe ulilinda, kipa alilinda. Aliyetakiwa kufunga ni yeye."

Bi Nyamizi aliinua macho kutoka kwenye daftari la mihutasari. Aliniangalia kwa huruma ya kweli. Siwezi kumnyima hilo. "Fundi, watu wamekwisha pata usingizi kidogo," alisema. "Ukiwaambia kosa ni la mmoja, watalala. Ukiwaambia kosa ni la mstari, kesho nani atalala? Kila mtu ataanza kutazama alichorewa nini."

"Na kupima?"

"Rufaa ndiyo itakayopima," akasema Mwenyekiti, akafunga kitasa cha mazungumzo kwa kuniuliza habari za nyumbani.

Baada ya usingizi wa sita, tawi lilitoa uamuzi. Tindwa atoke katika Wenyeji, na atoke kwa lango kubwa. Kwetu hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Anayetolewa kwa tundu anaweza kurudi kwa tundu. Anayepita langoni amepita njia ya Wageni, na hata kaburi lake litaelekezwa huko. Dada yangu alikuja kwangu, akasimama mlangoni. Alitazama tu mikono yangu, kisha akaondoka, na sijui mpaka leo kama alijua.

Sasa sikilizeni nilichofanya, na mnipime polepole, kama nilivyojaribu kuwapima wengine. Nilifikiri: mstari umekosewa. Na mstari ukikosewa, mchoraji hafanyi mkutano. Anaufuta, anauchora upya. Miaka thelathini na mmoja ndivyo nilivyofanya. Mkono umezoea kuliko kichwa. Nilisema moyoni, nitaukwangua upana ule wa ziada, na rufaa itakapokuja itakuta mstari wa haki na mpira nyuma yake. Nilichukua mwiko wa mwashi. Nikaingia kwa tundu, kwa magoti, nikaenda hadi goli la magharibi bila kuinuka.

Chokaa ilikuwa imekauka kama mfupa. Nilianza pembeni, nikaja taratibu kuelekea katikati, nikipuliza vumbi, nikilinganisha na kijiti. Sikuugusa mpira. Naapa kwa chochote kilichobaki. Nilikwangua kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Majukwaa yote mawili yalikuwa yamenyamaza, watu weupe upande huu na watu weupe upande ule, wakimtazama mzee anayefukua ardhi. Sikujua kwamba mpira ulikuwa umeegemea uvimbe ule. Nilipokitoa kidole cha nne, ulitikisika, ukashusha pumzi, ukabingirika hadi wavuni.

Goli.

Walishangilia wote. Wenyeji na Wageni, kwa sauti moja, kwa sababu jezi zilikuwa nyeupe na hakuna aliyejua afurahi kwa niaba ya nani. Walikumbatiana. Mtu mmoja alilia begani mwa mtu mwingine, kisha wakaachana wakitazamana. Na kelele ilipokatika, jua, ambalo lilikuwa limengoja muda wote ule, likashuka nyuma ya ukuta kama sarafu iliyoanguka kisimani.

Kesho ikaja. Waamuzi wa rufaa wakaja nayo, watatu, wamevaa suti, wakapita langoni. Waliukuta mpira wavuni, ulioingia humo baada ya filimbi ya mwisho, mstari wenye upana halali kabisa, na mzee mwenye mwiko. Walipima mara mbili. Mmoja wao alinisifia mstari. Wakaandika: hakuna ushahidi. Sare ibaki.

Tindwa alikuwa nje ya lango, na begi dogo. Niliongea naye kupitia vyuma.

"Tindwa, liliingia. Niliongeza vidole vinne nyuma ya mstari. Liliingia."

Uso wake ulifunguka kwa namna niliyokuwa sijaiona tangu utotoni mwake. Alishika vyuma kwa mikono miwili.

"Basi niko sawa. Macho yangu yako sawa. Mjomba, si wameupima? Mstari si upo?"

Mwiko ulikuwa bado mkononi mwangu. Akauona.

"Umeukwangua."

"Nilitaka wakute haki."

"Wote?"

"Vidole vinne."

"Sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

Alitikisa kichwa taratibu. Kisha akaokota begi. "Kazi yako haina kasoro, mjomba," alisema, wala hakuwa anadhihaki. Akaondoka kwa njia ya Wageni, wima, na mimi nilirudi kwangu kwa magoti.

Watu waliponipita siku zile walikuwa wanaimba. Walikuwa wamelala, wamenawa, jezi zimetiwa rangi upya. Sare si kifo, waliambiana, mechi ijayo tutawafunga, mwaka huu ni wetu. Niliwasikiliza nikajua kwamba sikuwahi kuwa tofauti nao. Tumaini letu si kwamba jambo litabadilika. Ni kwamba tutasahau upesi.

Bi Nyamizi alinikuta uwanjani nikinyoosha kamba. Alikuwa amebeba ndoo mpya ya chokaa, kichwani, kwa mkono mmoja. Akaitua karibu na miguu yangu.

"Imetoka kwa Mwenyekiti. Anakusalimu."

"Amesema niweke upana gani?"

"Hajasema upana. Amesema tu mechi ijayo tunaanzia goli la mashariki, na kila mtu alinde kwa alicho nacho."

Nilifunga kamba kwenye kigingi. Nikamuuliza kipindi cha pili tutakuwa goli gani.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi ambayo hajawahi kufika.